Brexit: kura iliuliza kutoka, haikuuliza kwenda wapi

Kila mazungumzo yakifika kwenye Brexit, swali ninaloulizwa ni lile lile, na ni swali la haki: Waingereza walipiga kura siku moja, upande mmoja ukashinda, sasa walibaki wakibishana nini kwa miaka mitatu na nusu? Sisi tumezoea kura ikishahesabiwa mshindi anaapishwa. Wao waziri mkuu mmoja alijiuzulu, akaja wa pili naye akaondoka, mawaziri wakaachia ngazi mmoja baada ya mwingine, na Bunge likawa linakataa kila linaloletewa mezani. Wapo waliohitimisha kuwa wenzetu wamechanganyikiwa. Wapo waliosema ni njama ya wakubwa kuizima kura ya wananchi. Sikubaliani na hukumu zote mbili. Ukiufungua mzozo ule fundo moja moja, utakuta chanzo chake kikubwa kilikuwa kwenye karatasi ya kura yenyewe.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Brexit ni neno la kubuni lililounganisha jina la Uingereza na neno la Kiingereza la kutoka. Walichotoka ni Umoja wa Ulaya, jumuiya ambayo mwaka 2016 ilikuwa na nchi 28; bara la Ulaya bado wamo. Uingereza ilijiunga tarehe 1 Januari 1973, jumuiya ikiwa bado changa na yenye jina jingine, na mwaka 1975 wananchi wakaulizwa kama wabaki. Asilimia 67 walikubali. Kwa hiyo kura ya 2016 ilikuwa ya pili kuhusu jambo hilo hilo.

Jina la pili ni Uingereza. Kiswahili chetu hulitumia neno hili kwa vitu viwili: dola nzima yenye England, Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini, na pia England peke yake. Siku nyingi haidhuru. Kwenye Brexit inadhuru sana, kwa sababu England na Wales zilichagua kutoka, Uskoti ikachagua kubaki kwa asilimia 62, na Ireland Kaskazini ikachagua kubaki kwa karibu asilimia 56. Humu nikisema Uingereza namaanisha dola nzima.

Karatasi ya tarehe 23 Juni 2016 ilikuwa na swali moja na visanduku viwili: Uingereza ibaki kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au itoke? Watu milioni 17.4 waliweka alama kwenye kutoka, milioni 16.1 kwenye kubaki. Ni asilimia 51.9 kwa 48.1. Karatasi haikuuliza kitu kingine chochote, na hasa haikuuliza kwamba mkishatoka mnataka kukaa wapi.

Fikiria familia ya watu wazima kumi wanaoishi nyumba moja Magomeni. Wanapiga kura: tuhame au tusihame? Sita wanasema tuhame, wanne wanasema tubaki. Kuhama kumeshinda, hakuna ubishi. Kesho yake wanakaa kupanga safari. Kati ya wale sita, wawili wanataka Kigamboni wapate upepo wa bahari, wawili wanataka Kibaha wapate eneo la kulima, wawili wanataka kurudi kijijini kabisa. Hesabu upya sasa: Magomeni ina watu wanne, kila mahali pengine pana wawili. Waliotaka kubaki wameshindwa kihalali, na bado ndio kundi kubwa kuliko yote. Yule wa kijijini akiambiwa Kigamboni, anajibu kuwa bora tukae hapa hapa mpaka mkubali kijijini. Hakuna mwongo ndani ya nyumba hiyo, na mizigo haitoki mlangoni.

Ili tuelewe hizo Kigamboni na Kibaha za Waingereza zilikuwa zipi, inabidi tujue jumuiya za biashara zinavyojengwa kwa ngazi. Bahati nzuri tunayo yetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki, na imepitia ngazi hizo hizo.

Ngazi ya chini ni biashara huria. Nchi mbili zinakubaliana kutotozana ushuru, lakini kila moja inajipangia ushuru wake kwa bidhaa za nje. Tatizo linajitokeza mara moja. Ikiwa friji kutoka China inatozwa kidogo Mombasa na inatozwa sana Dar es Salaam, mfanyabiashara ataishusha Mombasa kisha aivushe Namanga. Kwa hiyo mpakani lazima pawe na mtu wa kuuliza: hii imetengenezwa wapi? Ngazi ya pili, umoja wa forodha, inaondoa swali hilo kwa kuweka ushuru mmoja kwa bidhaa zote za nje. Afrika Mashariki tuliingia ngazi hiyo mwaka 2005.

Lakini ushuru ukiisha, lori linaweza bado kusimama. Machi 2021 tuliliona hilo kwa macho yetu. Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na kwa siku kadhaa malori yakapanga foleni Namanga yakiwa na mzigo ambao kwa sheria ya forodha haukudaiwa hata shilingi. Kilichowasimamisha madereva wale kilikuwa kipimo cha ubora: nani anapima, kwa kiwango kipi, na cheti cha nani kinaaminika ng'ambo. Ngazi ya tatu, soko la pamoja, ndiyo inayotakiwa kulimaliza hilo. Nchi zinakubali kanuni zile zile za bidhaa, na pia zinaruhusu watu, huduma na mitaji kuvuka kwa uhuru. Ulaya walilifikisha jambo hilo mbali kuliko sisi. Lori la nyanya liliweza kutoka Hispania mpaka London bila mtu wa forodha kulifungua turubai.

Raha hiyo ina bei yake. Ukiwa kwenye soko la pamoja unafuata kanuni zilizopangwa na wote, unakubali mahakama moja ya kuamua migogoro, ambayo Ulaya iko Luxembourg, unachangia fedha, na raia wa nchi nyingine wana haki ya kuja kuishi na kufanya kazi kwako. Baada ya nchi za Ulaya ya Mashariki kujiunga mwaka 2004, watu wengi, hasa kutoka Poland, waliitumia haki hiyo kuhamia Uingereza. Huko ndiko yalikochipuka malalamiko mengi yaliyoibeba kura ya kutoka.

Sasa angalia mapacha watatu waliofungwa kamba moja. Mmoja alipiga kura ya kutoka kwa sababu hakutaka wahamiaji na alitaka viwanda vya mji wake vilindwe dhidi ya bidhaa rahisi za nje. Mwingine alipiga kura hiyo hiyo kwa sababu aliona Ulaya inambana, akataka nchi ifungue milango ya biashara na dunia nzima. Wa tatu alitaka sheria zitungwe na Bunge la London tu, hata kama kufanya hivyo kungepunguza biashara. Wote waliweka alama kwenye kisanduku kimoja. Serikali ndiyo iliyoachiwa kazi ya kuwapa wote walichotaka.

Hapo tunaingia kwenye mgawanyiko wa baraza la mawaziri. Mfumo wa Uingereza, ambao nchi zetu nyingi ziliurithi kwa namna moja au nyingine, una kanuni ya uwajibikaji wa pamoja: bishaneni mtakavyo ndani ya kikao, mkitoka nje mna kauli moja, na asiyeweza kuitetea anaachia kiti. David Cameron, waziri mkuu aliyeitisha kura ile, aliilegeza kanuni hiyo wakati wa kampeni. Yeye akapigania kubaki, huku waziri wake Michael Gove akipigania kutoka, pamoja na wenzake kadhaa. Aliposhindwa alitangaza kujiuzulu asubuhi ya matokeo. Theresa May aliyemrithi Julai 2016 alipiga kura ya kubaki, na sasa akawa na jukumu la kuwaongoza waliotaka kutoka na waliotaka kubaki ndani ya chumba kimoja, akiwataka warudi kwenye kauli moja. Ninaamini ugumu wa kazi ile haujawahi kuelezwa vya kutosha.

Mwanzoni alifanikiwa kwa kukaa kimya kuhusu undani. Alisema Brexit ni Brexit, na kila waziri akaitafsiri kwa moyo wake. Aprili 2017 aliitisha uchaguzi wa Juni akitarajia kuongeza wabunge, akapoteza wingi aliokuwa nao, akabaki akitegemea wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini kinachotetea eneo hilo kubaki sehemu ya Uingereza. Tarehe 6 Julai 2018 aliwakusanya mawaziri Chequers, nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu, na kuwawekea mpango mezani kwa maandishi: kwenye bidhaa tuendelee kufuata kanuni za Ulaya, kwenye mengine tujitegemee. Siku mbili baadaye waziri wake wa Brexit, David Davis, aliondoka. Siku iliyofuata akaondoka waziri wa mambo ya nje, Boris Johnson, akiandika katika barua yake kwamba nchi inaelekea kwenye hadhi ya koloni.

Miezi minne kamili baadaye alijiuzulu mdogo wake, Jo Johnson, naye akiwa naibu waziri kwenye serikali hiyo hiyo. Huyu alitaka wananchi waulizwe tena, kwa sababu aliona mkataba wa kutoka ambao May alikuwa akijadiliana na Ulaya ni mbaya kuliko kubaki. Ndugu wawili wa tumbo moja wakaikimbia serikali moja, kila mmoja akitokea mlango wa upande wake. Kama kuna picha moja inayoeleza mzozo mzima, kwangu ni hiyo. May hakuweza kusogea upande wa kaka bila kumpoteza mdogo, wala upande wa mdogo bila kumpoteza kaka. Wizara ya Brexit peke yake ilipata mawaziri watatu chini yake: Davis, kisha Dominic Raab aliyejiuzulu Novemba kwa kuukataa mkataba, kisha Stephen Barclay.

Wengi hudhani kuwa huu ulikuwa ugomvi wa chama tawala na upinzani. La hasha. Mstari ulipita katikati ya vyama vyote viwili. Labour, chama cha upinzani cha Jeremy Corbyn, kilikuwa na majimbo ya miji ya zamani ya viwanda kaskazini mwa England yaliyotaka kutoka, na majimbo ya London yaliyotaka kubaki. Kiongozi wake alikuwa na maumivu yale yale ya May, ila yeye hakuwa na serikali ya kubomoka mbele ya kamera.

Nimeliacha fundo gumu kuliko yote hadi hapa: Ireland.

Kisiwa cha Ireland kina nchi mbili. Kusini ni Jamhuri ya Ireland, mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Mpaka kati yao una urefu wa kilomita 500 hivi, unakata mashamba na vijiji. Kwa miaka 30 Ireland Kaskazini iliishi kwenye mapigano kati ya waliotaka kuungana na Jamhuri na waliotaka kubaki Uingereza. Watu 3,500 hivi waliuawa. Mkataba wa amani wa 1998 ulituliza hali, vizuizi vya kijeshi vikaondolewa, na kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa kwenye soko moja la Ulaya, hapakuwa na haja ya forodha. Leo unaweza kuuvuka mpaka ule bila kujua, ila ukiona vibao vya mwendo vimebadilika kutoka maili kwenda kilomita.

Brexit ilileta ahadi tatu kwa pamoja. Uingereza itoke kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha. Mpaka wa kisiwani usirudi kuwa na vizuizi. Na Ireland Kaskazini isitenganishwe na Uingereza nyingine. Chagua zozote mbili, zinawezekana. Zote tatu haziwezekani, maana pakishakuwa na kanuni mbili tofauti, ukaguzi lazima ufanyike mahali fulani: ama kwenye mpaka wa nchi kavu, ama baharini.

Wanaouona mpaka wa baharini kuwa jambo dogo wamuulize msafiri wa boti za Zanzibar. Kwa miaka mingi mtu aliyenunua televisheni Unguja, akishuka nayo bandarini Dar es Salaam akiwa ameikumbatia kama mtoto, alikuwa akisimamishwa na watu wa forodha na kudaiwa tofauti ya kodi. Nchi moja, pasipoti moja, na bado anaulizwa risiti. Malalamiko hayo yalihesabiwa miongoni mwa kero za Muungano kwa sababu fedha ile ndogo iligusa swali kubwa: je, mimi ni wa hapa au mgeni? Hilo ndilo lililowaunguza wabunge wa DUP.

May alitafuta njia ya katikati. Mkataba wake ulikuwa na kifungu cha tahadhari: usipopatikana ufumbuzi bora, Uingereza nzima ingebaki kwenye eneo moja la forodha na Ulaya, na isingeweza kujiondoa humo peke yake. Waliotaka kutoka wakaona ni mtego usio na mlango. DUP wakaukataa kwa sababu Kaskazini ingefuata kanuni ambazo wengine hawafuati. Waliotaka kubaki wakaona hauna faida kuliko uanachama.

Usiku wa tarehe 15 Januari 2019 ukapigiwa kura. Wabunge wa Uingereza hupiga kura kwa miguu: wanaokubali wanapita ukumbi mmoja, wanaokataa ukumbi wa pili, na wanahesabiwa wakipita. Mbunge wa Labour, Tulip Siddiq, aliahirisha upasuaji wa kujifungua akasukumwa hadi ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na utaratibu wa kumtuma mwenzako akupigie. Matokeo yakasomwa: 202 wanakubali, 432 wanakataa. Serikali yoyote ya zama hizi haikuwahi kushindwa kwa pengo kubwa hivyo. Wabunge 118 wa chama cha May mwenyewe walipita ukumbi wa kukataa. Mkataba ukarudishwa Machi mara mbili, ukaanguka mara mbili.

Bunge lilijaribu pia kutafuta njia lenyewe. Tarehe 27 Machi 2019 wabunge walipewa mapendekezo manane wachague wanayoweza kuyaishi: kutoka bila mkataba, umoja wa forodha, soko la pamoja, kura nyingine ya wananchi na mengineyo. Yote manane yalikosa wingi. Hii ndiyo ile familia ya Magomeni, safari hii mbele ya televisheni ya dunia.

Boris Johnson alipochukua uongozi Julai 2019 alilikata fundo kwa kuchagua ahadi ya kuvunja. Kabla ya hapo alijaribu kulisimamisha Bunge kwa wiki tano, na tarehe 24 Septemba majaji wote 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kitendo hicho ni batili. Aliwafukuza kwenye kundi la chama wabunge 21 waliompinga, akiwemo Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill. Kisha akakubaliana na Ulaya kuwa ukaguzi uwe baharini, akaenda kwenye uchaguzi wa Desemba akapata viti 365, na tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ikatoka. Kipindi cha mpito, ambacho kanuni za Ulaya ziliendelea kutumika, kikaisha mwisho wa mwaka huo.

Yapo mambo machache yanayosemwa vibaya mara kwa mara. Kura ya 2016 kisheria ilikuwa ya ushauri. Kilichoifunga serikali kilikuwa ahadi ya kisiasa iliyotolewa kwa wananchi, na ahadi ya namna hiyo ni nzito. Paundi milioni 350 kwa wiki zilizoandikwa kwenye basi jekundu la kampeni zilikuwa hesabu ya kabla ya punguzo. Kilichokuwa kikitoka kweli kilikaribia milioni 250, na sehemu yake ilirudi kwa wakulima na mikoa maskini. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu si chombo cha Umoja wa Ulaya, na Uingereza bado imo. Visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, nayo haikuwahi kukuingiza London hata kabla ya Brexit, kwa hiyo ndugu aliyerudishwa uwanja wa ndege asiilaumu kura ile.

Kwetu mtikisiko ulifika kwenye maua na mboga. Kenya ilikuwa ikiuza Uingereza bila ushuru kupitia mipango ya Ulaya. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zililindwa na upendeleo wa nchi zenye uchumi mdogo zaidi. Kenya, isiyokuwa kwenye kundi hilo, haikuwa na kinga hiyo. Ndiyo maana ilikimbilia kusaini mkataba wake na London tarehe 8 Desemba 2020, wiki tatu kabla ya mlango kufungwa, huku majirani wakiendelea bila kuusaini.

Ndani ya Uingereza, Ireland Kaskazini ndiyo inayoendelea kulipa. DUP, kwa kupinga ukaguzi wa baharini, waligomea serikali ya Ireland Kaskazini iliyoko Belfast miaka miwili, wakarudi Februari 2024. Kabla ya hapo, makubaliano ya Windsor ya 2023 yaligawa njia bandarini: ya kijani kwa mzigo unaobaki Kaskazini, nyekundu kwa unaoweza kuvuka kwenda Jamhuri. Keir Starmer wa Labour, aliyeshinda uchaguzi wa Julai 2024, alisema hatarudi kwenye soko la pamoja, wala umoja wa forodha, wala uhuru wa watu kuhama, na Mei 2025 akakubaliana na Ulaya kuanza kujadili namna ya kupunguza ukaguzi wa vyakula. Kwenye maduka ya Belfast, pakiti ya nyama iliyotoka England ina maandishi madogo pembeni yanayosema kuwa si kwa ajili ya Umoja wa Ulaya. Mteja anaiweka kwenye kikapu, na akitaka anaweza kuendesha gari na kuvuka mpaka nayo jioni hiyo hiyo bila mtu kumsimamisha.